Ufunguo Usioingia Tunduni

Wazee wa mwambao huu walikuwa na namna mbili za kufunga nyumba. Namna ya kwanza ilikuwa kamba. Mlango ulifungwa kwa kamba ya kumbi, fundo moja au mawili, na mwenye nyumba akaenda zake baharini au shambani. Kamba ile haikuwekwa ili imzuie mtu, kwani kisu cha kuparia samaki kingeikata mara moja. Iliwekwa ili imwambie apitaye kwamba wenyewe hawapo, basi na asiingie. Namna ya pili ilikuwa ya wenye mali, nayo msomaji anaweza kuiona hata leo akipita katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo: mlango mzito wenye nakshi, mnyororo na tumbuu yake, na kufuli la chuma likining'inia. Kufuli lile halikumwambia mtu neno. Lilimzuia tu, mwema na mwovu pamoja, mpaka aje mwenye kipande cha chuma chenye meno yanayolingana na tundu lake.

Siku hizi imetujia namna ya tatu, nayo imeletwa na magari. Mwenye gari hufika na kapu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, hugusa mshikio wa mlango, na mlango hufunguka. Huketi, hukanyaga breki, hubonyeza swichi, na injini huwaka. Ufunguo umo mfukoni na haukutolewa hata kidogo. Magari ya namna hii ni mengi nchini kwa kuwa sehemu kubwa ya magari tunayonunua yamekwisha kutumika Japani, na huko ufunguo huu ni kitu cha kawaida tangu miaka mingi. Hapa Saadani, ambapo kijiji chetu kimepakana na hifadhi iliyotangazwa rasmi kuwa ya taifa mwaka 2005, tunayaona kila msimu wa wageni, na siku hizi hata vijana wetu wenyewe wanayo.

Nataka nilitumie kufuli hili jipya kuuliza swali la zamani. Mtu aliyejua namna kufuli linavyoshindwa, je, ana haki ya kuwafundisha wengine? Au wajibu wake ni kunyamaza? Sikulichagua swali hili kwa kujifurahisha. Lililetwa barazani kwangu na mzee mwenzangu aliyekuwa na hofu ya kweli, na habari yake nitaieleza nikiisha kuonyesha kufuli lenyewe linavyofanya kazi, maana mtu asiyejua kitu kinavyofanya kazi hawezi kukitolea hukumu ya haki.

Msomaji wangu anaijua adabu ya hodi. Mgeni husimama nje na kuita, aliye ndani huuliza ni nani, mgeni hujitaja, ndipo huambiwa karibu. Akiita mara ya tatu bila jibu, hugeuza njia akaenda zake. Sasa katika gari hili, ajabu yake ni kwamba mwenye kupiga hodi ni nyumba yenyewe. Mkono unapogusa mshikio, antena zilizofichwa katika mlango hutoa mawimbi dhaifu ya redio, ya kilohezi 125 au 134 hivi, ambayo hayafiki mbali, pengine mita moja au mbili. Ndani ya ufunguo mna antena nyingine ndogo iliyolala macho, ikisubiri mawimbi hayo tu. Ikiyasikia, ufunguo huamka na kujibu kwa mawimbi ya juu zaidi, ya megahezi 315 hivi kwa magari mengi ya Japani, na 433 kwa yale ya Ulaya.

Lakini haujibu kwa kusema "mimi". Watoto wetu huwa tunawafundisha kwamba anayeulizwa mlangoni akajibu "mimi" hajajibu kitu, kwa kuwa kila mtu ni mimi. Gari huutumia ufunguo namba iliyobuniwa wakati uleule, ambayo haijapata kutumwa na haitarudiwa. Ufunguo huichukua namba hiyo, huichanganya na siri iliyomo ndani yake kwa hesabu ngumu, na kurudisha jawabu. Gari nalo linaijua siri ile, limefanya hesabu ileile. Majawabu yakilingana, mlango hufunguka. Angalia uzuri wa jambo hili. Siri yenyewe haitamkwi kamwe. Mwizi aliyejificha nyuma ya mwembe na chombo cha kunasa mawimbi atalinasa swali na jawabu, lakini havitamfaa kesho, kwa kuwa kesho swali litakuwa jingine. Rimoti za mwanzo hazikuwa hivyo. Nyingine zilituma neno moja lilelile kila siku, na aliyelinasa mara moja alikuwa nalo milele. Ndiyo maana rimoti za vibonye zilizofuata zilifanywa zibadilishe neno lao kila zinapobonyezwa.

Ndani ya gari mna antena nyingine za kuhakikisha kwamba ufunguo umo ndani kabla injini haijakubali kuwaka. Na betri ya ufunguo, ile duara ndogo kama shilingi, ikiisha nguvu, mtu hutoa ufunguo wa chuma uliofichwa humohumo ubavuni, hufungua mlango kwa tundu la kale, kisha husogeza rimoti karibu kabisa na swichi ya kuwashia, na gari huupa ufunguo nguvu kidogo ya kujibia. Nimefurahi kujua kwamba kufuli jipya limemhifadhi babu yake mfukoni.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiri. Gari linamjua nani? Halimjui mtu. Linaujua ufunguo, tena linajua kwamba ufunguo u karibu. Mkono unaogusa mshikio haliuulizi lolote. Nyani wa hifadhini, ambao ni mabingwa wa kuiba ndizi za wageni, hawahitaji elimu ya hesabu. Mwenye gari akisimama kandokando ya mlango na ufunguo mfukoni, mkono wa nyani utafungua sawasawa na wa kwake. Kufuli la chuma nalo halikumjua mtu, ni kweli, lakini lilidai angalau tendo: mtu autoe ufunguo, autie, auzungushe. Tendo hilo lilikuwa ndilo idhini yake. Kufuli jipya limeliondoa tendo na kuweka ujirani mahali pake. Ukiwa karibu, umekubali.

Na ujirani unaweza kusingiziwa. Mwaka 2011 wataalamu watatu wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Čapkun, walieleza jaribio lao juu ya magari 10 ya kampuni 8. Yote yalifunguka na kuwaka bila ya wao kuivunja siri hata moja. Namna yenyewe ni rahisi hata inachekesha. Mtu mmoja husimama karibu na gari akiwa na chombo, mwenzake husimama karibu na dirisha la nyumba ambamo ufunguo umetundikwa ukutani, akiwa na chombo cha pili. Gari hupiga hodi yake dhaifu. Chombo cha kwanza huisikia na kuipeleka kwa cha pili. Cha pili huirudia dirishani kwa sauti kubwa. Ufunguo huamka, huamini kwamba gari liko mlangoni, hufanya hesabu yake kwa uaminifu mkubwa na kujibu. Gari hupata jawabu sahihi na kufungua. Hakuna aliyedanganya juu ya jina. Uongo ulikuwa juu ya umbali.

Dawa imepatikana kwa baadhi ya magari mapya. Badala ya kupima nguvu ya sauti, gari hupima muda ambao jawabu limechukua kurudi. Mwanga na mawimbi ya redio husafiri kama sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na hakuna mwizi awezaye kuyaharakisha zaidi ya hapo. Ufunguo ulio mbali utachelewa tu, hata apeleke ujumbe kwa chombo gani. Funguo nyingine hulala kabisa zikitulia mezani bila kutikiswa. Na kwa mwenye gari la zamani dawa ni kopo la bati. Ufunguo ukitiwa katika kopo lenye kifuniko kinachobana, kwa kawaida hodi haiufikii. Mtu na ajaribu mwenyewe: abebe kopo mpaka kwenye mlango wa gari, aguse mshikio. Mlango ukifunguka, atafute kopo jingine.

Sasa nirudi kwa mzee mwenzangu. Mwanawe alinunua gari dogo la namna hii, lililotumika, ili achukue wageni kati ya Bagamoyo na huku kwetu. Fedha yake ilitokana na shamba la minazi la marehemu mama yake na mkopo wa jamaa watatu. Gari lilikuja na ufunguo mmoja tu, kama yajavyo mengi. Siku moja kijana akimsaidia mvuvi kuvuta ngalawa, ufunguo ukaanguka majini, na maji ya chumvi hayana huruma na vitu vya umeme. Gari likakaa chini ya mkungu siku nne kama jiwe. Ndipo akaitwa fundi kutoka Bagamoyo mjini, ambaye alipata kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba, mtoto mtulivu aliyependa kufungua redio za watu. Alikuja na kompyuta yake ndogo na ufunguo mpya usio na kitu ndani, akaunganisha waya chini ya usukani, na kabla ya magharibi gari likaukubali ufunguo mpya kuwa ndio wake.

Mzee alishukuru siku hiyo. Siku ya pili alianza kuwaza. Siku ya tatu alikuja kwangu.

"Mwalimu," akaniambia, "yule kijana wako ametusaidia, sikatai. Lakini alikuwa na vijana wawili anawafundisha. Amewaonyesha kila kitu, na namna wezi wanavyofungua akawaeleza, mimi nimekaa palepale nasikia. Kama gari la mwanangu limekubali ufunguo mgeni kwa mchana mmoja, litakataa wa nani? Wale wawili wakiwa wezi je? Huku si kufundisha wizi?"

Nilimpa kahawa kwanza. Hofu yake haikuwa ya kipumbavu. Gari lile likiondoka, shamba limeondoka mara ya pili, na madeni matatu yamebaki.

Swali lake lina historia ndefu kuliko gari. Mwaka 1851, katika maonyesho makubwa ya London, fundi wa Kimarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs aliyafungua makufuli ambayo Waingereza waliyasifu kuwa hayafunguki. La kampuni ya Chubb lilimchukua dakika 25. La Bramah, lililowekwa dirishani kwa miaka mingi na zawadi ya gini 200 kwa atakayeliweza, lilimchukua kama saa 51 katika muda wa siku 16, lakini alilifungua. Watu wengi walikasirika. Walisema amewafunza wezi. Hobbs na waliomwunga mkono walijibu kwamba wezi ni watu wa bidii katika kazi yao, wanayajua mambo haya zamani. Aliyekuwa hajui ni mnunuzi aliyelala usingizi mzuri nyuma ya kufuli bovu.

Miaka 32 baadaye, mwaka 1883, mwalimu mwenzangu, Auguste Kerckhoffs, Mholanzi kwa kuzaliwa aliyefundisha lugha huko Ufaransa, aliandika juu ya maandishi ya siri ya kijeshi. Alishika kanuni ambayo wataalamu bado wanaifuata: mtambo wa kuficha usitegemee kufichwa kwa mtambo wenyewe, uweze kuangukia mikononi mwa adui bila madhara. Kinachofichwa kiwe ufunguo peke yake, kwa kuwa ufunguo ukijulikana unabadilishwa upesi, lakini mtambo mzima ukijulikana huwezi kuubadilisha kabla ya jioni.

Hata hivyo wenye viwanda hawakuikubali kanuni hiyo sikuzote. Kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha mwaka 2013. Wataalamu watatu, Flavio Garcia wa Chuo Kikuu cha Birmingham, na Roel Verdult na Barış Ege wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, waligundua udhaifu katika chipu iitwayo Megamos Crypto. Hiyo si ya kufungulia mlango. Ni ile inayokaa katika kichwa cha ufunguo na kuiruhusu injini iwake, kifaa ambacho sheria za Ulaya zilikilazimisha kwa magari mapya tangu mwaka 1998. Chipu hiyo ilikuwa katika magari ya kampuni nyingi. Walimjulisha mtengenezaji wa chipu mwaka 2012, kisha wakajiandaa kuyatoa matokeo yao mbele ya wenzao. Kampuni ya Volkswagen ikaenda Mahakama Kuu ya Uingereza, na Juni 2013 mahakama ikawazuia wasichapishe. Maandishi yao yalitoka Agosti 2015, baada ya miaka miwili, nayo yalipungua sentensi moja tu.

Sentensi moja! Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Ni nani aliyelindwa katika miaka ile miwili? Atasema mtu: mwenye gari, kwa kuwa mwizi hakufundishwa. Lakini ilijulikana mbele ya mahakama hiyohiyo kwamba hesabu za chipu ile zilikuwa zimetiwa katika programu ya kutengenezea funguo iliyouzwa kwenye intaneti tangu mwaka 2009. Aliyetaka kuzichimbua alikuwa na pa kuanzia. Wenye magari ndio waliobaki gizani, wakaendelea kununua.

Nilipomsimulia mzee kisa hiki alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo majaji wangelipenda. "Na baruti, Mwalimu? Mbona hukuwafundisha watoto baruti?"

Wasomaji wasio wa mwambao huenda wasielewe uzito wa neno hili. Kwa miaka mingi bahari yetu ilipasuliwa kwa baruti. Watu walitengeneza mabomu ya chupa, wakayatupa mwambani, samaki wakaelea, na mwamba uliochukua miaka mamia kukua ukabaki kifusi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza, na baada ya msako mkali wa miaka ya karibu milio imepungua sana. Lakini vipo vidole vilivyokatika ambavyo ni ushahidi. Nilifundisha sayansi. Nilijua vitu gani vinachanganywa, na sikupata kuwaeleza watoto hata waliponiuliza. Mzee alitaka kujua kwa nini niliifunga elimu ile na kuiacha hii wazi.

Nilimwomba aniachie usiku mmoja, na nilichomjibu kesho yake ndicho ninachokiamini mpaka sasa. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulizoezwa kujiuliza kabla ya somo mwanafunzi atafanya nini na ujuzi anaoupata. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi, kwa sababu linamtazama mwanafunzi peke yake. Inafaa kumtazama pia yule atakayetendewa, na kuuliza kama naye ujuzi huohuo utampa cha kufanya. Mwamba wa baharini ukiambiwa namna baruti inavyotengenezwa hautafanya lolote. Hauwezi kuhama, hauwezi kujifunika. Kwa hiyo elimu ya baruti ina upande mmoja tu, wa mpigaji. Elimu ya kufuli ina pande mbili. Mwizi akiambiwa kwamba hodi ya gari inaweza kurefushwa, amepata njia. Mwenye gari akiambiwa, amepata kopo la bati, na pingu ya chuma ya usukani, na akili ya kutotundika ufunguo dirishani. Tena mwizi anahitaji vyombo na mwenzake na usiku. Mwenye gari anahitaji kopo la biskuti. Ukinyamaza, humnyimi mwizi sana, kwa kuwa ana walimu wake. Unamnyima mwenye gari kila kitu.

Siri halali zipo, wala sisemi kwamba kila kitu kitangazwe. Katika shule niliyoiongoza stoo ya chakula ilikuwa na makufuli mawili, na funguo zilishikwa na watu wawili tofauti, ili mmoja asiingie bila ya mwingine. Utaratibu huo niliubandika ukutani, kila mzazi akausoma. Funguo zenyewe hazikubandikwa. Nilikuwa sijasikia habari za Kerckhoffs, ila nilijua kwamba mwalimu anayeficha hata utaratibu wa stoo mara nyingi ana sababu ya kuuficha. Fundi wa magari naye asiuseme ufunguo wa mteja wake, wala siku gari linapolala bila mlinzi. Hizo ni siri za mtu. Namna kufuli linavyofanya kazi si siri ya mtu yeyote. Ni tabia ya kitu kilichouzwa, na aliyekinunua ana haki ya kuijua kama anunuaye ng'ombe alivyo na haki ya kuambiwa kwamba anapiga mateke.

Mpaka hapo nilidhani nimemaliza, na kama ningekuwa mwandishi wa London pengine ningekuwa nimemaliza. Lakini nikiwa nimekaa Saadani naona tundu katika hoja yangu mwenyewe, nalo si dogo. Hoja ya Hobbs inachukua kwamba mnunuzi akiambiwa kufuli lake ni bovu atanunua jingine. Tajiri wa mwaka 1851 aliweza. Mwenye gari jipya Ulaya anaweza kulirudisha kwa wakala likatiwa programu mpya, au akauza akanunua lenye kupima muda wa jawabu. Gari lililouzwa Japani, likapanda meli, likateremshwa Dar es Salaam likiwa na umri wa miaka 10 au zaidi, mtengenezaji wake hamjui tena mwenyewe. Hakuna barua itakayomfikia. Wenye maarifa hutangaza udhaifu, mtengenezaji hurekebisha magari yajayo, na udhaifu wenyewe huvuka bahari kuja kukaa kwetu kama nguo ya mtumba iliyobaki na tundu lake. Kwa hiyo faida ya kusema ukweli humfikia mapema aliye karibu na kiwanda, na hatari yake hukaa muda mrefu zaidi kwa aliye mbali. Hata dawa ya kopo, ambayo haina gharama, haina maana kwa mtu ambaye hakuna aliyempa habari kwa lugha anayoielewa.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ndiyo sababu ya kunyamaza. Mimi naona ni sababu ya kusema zaidi, na kusema huku mwisho wa njia, si kule mwanzoni tu. Maandishi ya Zurich yamesomwa na wahandisi. Hayakusomwa na dereva wa Bagamoyo. Wa kumsomea ni fundi. Na fundi mmoja hatoshi kwa mwambao mzima kutoka Bagamoyo mpaka Pangani, basi lazima awe na wanagenzi, na wanagenzi wale lazima waelezwe namna kufuli linavyoshindwa, kwani asiyejua linavyoshindwa hawezi kumwonya mteja. Tumewaona waganga wetu wa miti shamba waliokataa kumfundisha mtu ila mwana mmoja, na mwana akahamia mjini, na dawa ikazikwa pamoja na mganga. Siri yao ilihifadhiwa vizuri sana.

Nilikwenda Bagamoyo kuzungumza na fundi. Aliniamkia shikamoo kama zamani, akanipa kiti, akawafukuza wale wanagenzi wawili wakanunue soda. Nilimweleza malalamiko bila kumficha jina la mzee, naye hakukasirika. Alinionyesha daftari. Kabla ya kutengeneza ufunguo wowote huandika namba ya gari na namba ya chasisi, huitazama kadi ya gari, humtaka mwenye kadi awepo yeye mwenyewe na kitambulisho chake, na humfanya atie sahihi. Asiye na kadi huambiwa arudi na kadi. Ile kompyuta ya kutengenezea funguo wanagenzi hawaigusi asipokuwapo. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: anapotengeneza ufunguo mpya hulitazama gari lenyewe kujua lina funguo ngapi inazozitambua, na zikizidi zile mwenye gari alizonazo mkononi, huzifuta zote na kuanza upya. Gari moja alilikuta likikubali funguo tatu, na mwenyewe alikuwa na mmoja. Nani alikuwa na nyingine mbili, na katika nchi gani, haikujulikana.

Nilimwuliza kama aliwaeleza wateja wote habari ya hodi kurefushwa. Alisema wale wanaouliza. Nikamwomba awaeleze na wasiouliza, na akakubali, ingawa alisema wengine huondoka wakimtazama kwa shaka, kana kwamba aliyekuonyesha tundu la paa lako ndiye atakayeingia nalo.

Mzee nilimpelekea habari yote. Daftari lilimpendeza. Habari ya funguo tatu ilimtia hofu mpya, akataka gari la mwanawe likatazamwe kesho yake, nalo likatazamwa, likakutwa na ufunguo mmoja tu. Juu ya wanagenzi hakukubaliana nami. "Wakiisha kujua watakwenda Dar es Salaam," alisema. "Na kule daftari watalibeba?"

Nilimwambia daftari litabaki Bagamoyo, ila wameliona likiandikwa kila siku kwa muda wote wa kujifunza. Alitikisa kichwa. Tangu hapo tumelizungumza mara nyingine mbili au tatu, na kila mtu amebaki upande wake. Ufunguo wa gari, lakini, hulala katika kopo la bati la biskuti juu ya kabati ya mkewe, na ni yeye mzee anayelifunga kila usiku baada ya isha, na kwanza hulibeba mpaka nje akagusa mshikio.